Furukombe wa Jumatano

Mimi siamini kitu mpaka nimekiona, na nikishakiona nakigeuza nione na upande wa pili. Kopo la sukari la ofisini kwetu nimelitia alama ya kalamu ya wino, na kila nikitoka kwenda kunawa mikono nalikagua nikirudi. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ameshasema mbele za watu kwamba mama huyu hata akijitazama kwenye kioo anauliza, "Na wewe ni nani?" Wacheke tu. Nina miaka ishirini na miwili masjala ya ofisi ya bustani, natunza mafaili ya watumishi, na karatasi ya kughushi imenipita mara moja tu. Mara hiyo nilikuwa mgeni kazini, na sitaki kuizungumzia.

Kwa hiyo barua ile ilipofika, mkuu wetu hakuhangaika kutafuta mtu mwingine. Aliniita asubuhi ya Alhamisi, akahakikisha mlango umefungwa, akanisukumia karatasi moja juu ya meza.

"Mama," akaniambia, maana ni kijana, ana umri wa mwanangu wa pili, "soma hii, halafu uniambie unaionaje."

Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, imeandikwa kwa mkono pande zote mbili. Upande wa mbele ulisema hivi: "Kwa Mkuu wa Bustani. Ubao wenu wa getini unasema furukombe yumo bustanini kila Jumatano. Hayumo. Nimelizunguka bwawa lote sikumwona. Mzee wenu anawaonyesha watu ndege asiyekuwepo." Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na maneno mengine: "Mwondoeni mapema. Nimeshasema naye, haambiliki. Usiku halali, anageukageuka tu. Mkimwacha mpaka mvua zianze, yatakayotokea pale bwawani mtajibu ninyi. Raia Mwema."

Mzee anayesemwa tulikuwa tunamwita Kofia. Kila Jumatano saa saba na robo, wakati wa chakula cha mchana, Kofia alikuwa akiwachukua wafanyakazi wa maofisi yanayoizunguka bustani yetu, akawazungusha dakika arobaini na tano kuwaonyesha ndege, kisha kila mtu akarudi kazini kwake. Zamani walikuwa wanakuja watu wanne au watano. Tangu furukombe aandikwe kwenye ubao, wakawa thelathini na zaidi. Furukombe si ndege wa kuokotwa hivi hivi. Ni tai mkubwa, kichwa cheupe, anakula samaki, anakaa kwenye maji mapana. Bwawa letu ukirusha jiwe linavuka.

"Unaionaje?" mkuu akauliza tena.

"Hii imeandikwa na mwanamke," nikamwambia. "Tena wa ndani kabisa. Nani mwingine anajua mwanamume halali usiku?"

"Mimi sijali nani ameandika. Ninachotaka kujua ni kama mzee anawatungia watu ndege. Kama anatunga, namwondoa, na matembezi yanafungwa. Watu wanaacha chakula chao kuja kwetu, hatuwezi kuwafanya watoto. Lakini sitaki kumwonea. Nenda Jumatano mbili, utazame kwa macho yako, uniandikie."

Nilirudi masjala nikalitoa faili lake. Aliajiriwa miaka thelathini na moja iliyopita, mfagiaji wa njia. Baadaye akawa mkata majani, kisha mwongozaji. Kuna barua moja ya onyo: alikataa kukata majani ya uwanja wa kaskazini kwa siku kumi na nne "kwa madai ya kuwepo kwa mayai ya ndege." Kuna barua ya pongezi kutoka shule moja. Ameoa, mke mmoja. Halafu nikaona kitu kilichonipandisha joto. Fomu ya afya, ile ambayo kila mtumishi anapimwa na kuirudisha kila mwaka, ya mwaka huu haimo. Ya mwaka jana nayo haimo. Na mimi, mtu wa kutia alama kopo la sukari, nilikuwa nimelifunga faili lile mara mbili bila kugundua.

Nikajiambia, huyu ana kitu anaficha, na kwa mwanamume wa umri huo kitu chenyewe ni chupa.

Jumatano ya kwanza nilifika getini mapema, nikasimama pembeni ya ubao. Kofia alikuwa pale, mzee mwembamba, kofia ya kitambaa imevutwa hadi kwenye nyusi, darubini shingoni imefungwa kwa kamba ya kiatu. Watu walikuwa wanaingia wakimsalimia, naye anawajibu mmoja mmoja kwa kazi zao. "Kinyozi, karibu, leo umewaachia nani vichwa vya watu? Mama wa duka la dawa, karibu, na kile kikohozi?" Mimi nilikaa kimya makusudi. Alinipita, bega lake likakaribia kugusa langu, asiniangalie wala kuniambia neno. Nikaona dharau iliyoje. Nikakohoa, ndipo akashtuka akageuka. "Karibu, mgeni." Hakunuka pombe. Nikaandika kwenye kijitabu changu: pombe hapana, labda asubuhi hanywi.

Tukaanza kutembea. Nitasema ukweli, kazi aliijua. Alitangulia mbele, mkono wake wa kushoto ukipitapita juu ya ua wa michongoma, na kila baada ya hatua chache anasimama. "Mti wa pili kutoka kwenye benchi. Pale tawi linapogawanyika, panda juu kidogo. Kigogota." Watu wanatazama, na kweli kigogota yupo, anagonga. "Chini kwenye maua mekundu, chozi wawili, dume na jike." Wapo. Yeye mwenyewe alikuwa akiinua darubini dakika moja na kuishusha, kama mtu anayetimiza wajibu.

Kinyozi ndiye aliyenieleza, tukiwa nyuma, jinsi matembezi yenyewe yalivyoanza. Kofia alikuwa bado mkata majani. Kila mchana alikuwa akimkuta msichana mmoja wa benki analia peke yake kwenye benchi, mkate uko mapajani haujaguswa. Siku ya tatu akazima mashine yake, akamwambia, "Binti, sikuulizi unalia nini. Nisaidie tu, nimesikia ndege mahali hapa na nataka mtu wa kunitafutia." Wakamtafuta mpaka saa nane. Kesho yake msichana akaja na mwenzake. "Mimi mwenyewe nilikuja na presha yangu," kinyozi akasema. "Daktari aliniambia nitembee, lakini kutembea bure bure nani anaweza?"

Maneno matamu. Mimi maneno matamu yananiweka mguu sawa.

Tukafika pembe ya bwawa, penye kichaka kikubwa kinachoshuka hadi majini. Kofia akanyoosha mkono, watu wote thelathini wakanyamaza. Tukakaa hivyo, mtu anasikia tumbo la mwenzake. Halafu sauti ikaja, ile sauti ambayo ukiisikia mara moja huisahau, yowe linalopanda na kushuka kama mtu anayecheka huku amerudisha kichwa nyuma.

"Furukombe," Kofia akasema polepole. "Yuko mbali leo. Ng'ambo ya bwawa, nyuma ya ile miti mirefu."

Watu wakainua nyuso juu, wengine wakapiga makofi ya vidole viwili ili wasimtishe. Mama wa duka la dawa akasema, "Nimeuona mkia!" Hakuona mkia wowote. Nilikuwa nimesimama nyuma yake natazama pale pale anapotazama yeye, na palikuwa na mbingu tupu.

Mwishoni nikamfuata. "Kaka, daftari la kumbukumbu za ndege liko wapi? Mimi ni wa masjala."

Uso wake ukabadilika kidogo. "Liko nyumbani, dada. Huwa naandika nikifika."

"Huandiki papo hapo?"

"Naweka kichwani."

Anayetunga huandika baadaye, hilo najua kwa kazi yangu. Na kabla sijauliza lingine, mwanamke mmoja mfupi mwenye kikapu akatokea upande wa geti, akampitishia mkono kwenye kiwiko, akamnong'oneza, wakaondoka wameshikana mchana kweupe. Mtu wa miaka hamsini na tisa! Nilisimama pale nikiunganisha mambo. Mke aliyechoka ameandika barua. Huyu mwenye kikapu ni hawara, tena ndiye msaidizi wa ulaghai. Na sauti ile inatoka kwenye simu iliyofichwa. Siku hizi kwenye simu huwezi kukosa sauti ya kitu chochote, hata simba.

Nilirudi ofisini nimefurahi, na siku zile zote hadi Jumatano iliyofuata nilikuwa nikijiona nimemaliza kazi.

Jumatano ya pili sikungoja mchana. Nilimwambia mkuu nakwenda kukagua, nikaingia bustanini saa mbili na nusu asubuhi, nikajibanza nyuma ya tangi la maji la wakata maua. Hawakukawia. Walikuja yeye na mwenye kikapu, mkono kwenye kiwiko, wakaanza kuizunguka njia ile ile ya mchana. Walikuwa wanakwenda taratibu mno. Mwanamke anasimama, ananong'ona, mzee anarudia maneno kama mwanafunzi. Kwenye benchi lililohamishwa juzi walisimama, mzee akaligusa kwa goti. Penye shimo lililochimbwa kwa ajili ya bomba, mwanamke akamshika mkono, mzee akapapasa ukingo wa shimo kwa ncha ya kiatu. Halafu wakafika pembe ya bwawa, kwenye kichaka kile kile. Hapo walikaa zaidi. Mwanamke alikuwa anamvuta nyuma, mzee anacheka, mwanamke hacheki. Akaonyesha kwa mkono chini ya kichaka. Nikasema moyoni, haya, simu iko hapo.

Saa saba na robo tulikuwa watu thelathini na wanne. Nilijipanga mbele kabisa, nyuma ya Kofia, na moyo ulikuwa unanienda mbio kama niliyeiba mimi. Njia nzima sikumsikiliza kigogota wala nani. Tulipofika pembeni mwa bwawa, akanyoosha mkono, watu wakanyamaza, na yowe likaja.

Safari hii nilikuwa nimetega sikio kama mlinzi. Halikutoka ng'ambo. Lilitoka kushoto kwangu, karibu, na lilikuwa dogo. Ndani ya kichaka.

Nilikunja sketi yangu nikaingia kichakani kwa magoti na mikono.

"Mama! Mama, kuna nyoka humo!" kinyozi akapiga kelele.

Nyoka wa nini? Nilikuwa napapasa chini ya majani makavu nikitafuta simu, mwiba umenichana kiganja, blauzi imenasa kwenye tawi. Simu hakuna, waya hakuna, hata kisanduku. Halafu yowe likapigwa tena, juu ya paji la uso wangu, nikainua macho. Kwenye kijiti, umbali wa mkono, alikuwa amekaa ndege wa kutosha kwenye kikombe cha chai. Kifua rangi ya chungwa, kichwa cheusi, juu ya jicho mstari mweupe. Akanitazama. Akafungua mdomo, na mdomoni mwake akatoka furukombe mzima, anapanda na kushuka. Alipomaliza akapiga filimbi ya mlinzi wetu wa geti, ile ya kufungia, bila kukosea.

Nilifurahi, sitadanganya. Nilifurahi kuliko siku niliyopandishwa cheo.

"Furukombe wenu huyu hapa!" nikapaza sauti. "Njooni mumwone! Anaenea kwenye kikombe!"

Watu wakasogea, wakainama, wakaanza kumwona mmoja mmoja, na kicheko kikapita kati yao. Kofia alikuwa wa mwisho. Watu walimpisha. Alisimama hatua tatu kutoka kwa yule ndege, akainua darubini hadi machoni. Kwanza nilijiuliza ni nani anayetumia darubini kwa hatua tatu. Kisha nikaona kwamba haikuelekea kwa ndege. Ilikuwa imeelekea kwangu, kwenye sauti yangu. Kisha nikaona vifuniko vyake, vile viwili vyeusi vya mbele. Vilikuwa bado vimefungwa.

Furaha yangu yote ikaisha pale pale, nikiwa bado nimepiga magoti kwenye majani. Hakuna mwingine aliyeona. Wote walikuwa wanamtazama ndege.

"Ana rangi gani, dada?" akaniuliza chini chini.

"Kifua kama chungwa," nikamjibu, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua. "Kichwa cheusi."

"Mstari mweupe juu ya jicho?"

"Upo."

Akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili. Angeweza kunyamaza. Angesema, "Ahaa, leo tumempata mwigaji, furukombe mwenyewe yuko safari," na watu wangecheka wakaenda zao, nami nisingejua niandike nini. Nilikuwa namngoja aseme hivyo. Nilitaka aseme hivyo.

"Jamani," akasema, "huyu anaitwa kurumbiza. Kazi yake ni kuiga wenzake. Mahali fulani alimsikia furukombe, akaichukua sauti yake akaja nayo hapa. Ubao wetu umesema uongo wiki sita, na uongo huo umetoka kwangu. Naomba mnisamehe."

"Lakini mzee," kinyozi akasema, "wewe si unamjua huyu ndege? Mwaka juzi ulituonyesha."

"Namjua kuliko ninavyowajua wajomba zangu. Nilisikia sauti ndogo, nikajiambia furukombe yuko mbali. Ningekuwa naona, ningejua ni mdogo na yuko karibu." Akageuza kofia mikononi. "Sioni. Mwaka wa pili huu. Naona mwanga na kivuli, basi. Hao wengine wote niliwaonyesha kwa kusikia, na hao ni wa kweli, nendeni mkawahakikishe. Huyu mmoja ndiye aliyenikamata."

Mama wa duka la dawa alianza kulia, akalifuta jicho kwa kipeto cha mkate.

Mwenye kikapu alikuwa ameshafika, mbio mbio kutoka getini. Kofia akamsikia hatua zake, akanyoosha mkono. "Huyu ni mke wangu. Ndiye macho yangu. Asubuhi ananitembeza kwanza, ananiambia wamehamisha nini, wamechimba wapi. Jioni namtajia ndege, anaandika. Mama, mpe dada wa masjala daftari, alilitaka."

Mwanamke akatoa daftari kwenye kikapu, akanipa. Nililifungua. Na hapo ndipo miaka yangu ishirini na miwili ilipofanya kazi nisiyoitaka. Karatasi ya daftari la shule. Herufi "g" yenye mkia uliokunjwa kama ndoana. Nukta za "i" zimechorwa vimviringo vidogo. Nikainua macho nikamtazama, naye alikuwa ananitazama mimi, midomo imekauka, mkono mmoja uko kwenye kiwiko cha mumewe. Alijua kwamba nimejua.

Maneno ya nyuma ya barua yakanirudia yote, moja moja, na sasa hayakuwa vitisho. Usiku halali. Nimeshasema naye, haambiliki. Pembe ile ya bwawa haina uzio, na mvua zikianza, ukingo wake unakuwa utelezi mtupu. Alikuwa amemvuta nyuma asubuhi ile ile, naye akacheka. Mtu amuombe mumewe aache kitu kimoja kilichobaki cha kumtoa nyumbani, atamwambiaje? Akatuandikia sisi.

Nikalifunga daftari. "Liko sawa," nikasema.

Ripoti niliiandika Alhamisi, nikaichana, nikaiandika tena. Niliandika kwamba mtumishi si mwongo. Niliandika kwamba katika ndege sitini na mbili walioorodheshwa, aliyekosewa ni mmoja, na aliyekosea ndiye aliyelitangaza kosa lake mbele ya watu thelathini na wanne bila kulazimishwa. Niliandika na kuhusu macho, kwa sababu kuficha sikuweza. Nilipendekeza apewe mtu wa kutembea naye. Mkuu alisoma yote mpaka chini, akavua miwani.

"Mama, umeandika kama wakili."

"Nimeandika nilichokiona."

"Mwongo au si mwongo, haoni. Akitumbukia bwawani mbele ya watu, nitajibu nini? Ataenda kitalu cha miche, kazi ya kukaa. Matembezi yanasimama mpaka apatikane mwongozaji mwenye sifa." Akasugua macho. "Usinitazame hivyo. Na mimi ningependa iwe vingine."

Ijumaa Kofia aliitwa kusomewa uamuzi. Alikuja na mkewe hadi mlango wa chini, mwanamke akabaki kwenye benchi la nje, yeye akapanda ngazi akishika ukuta. Aliusikiliza uamuzi amekaa wima, kofia gotini. Hakubishana. Alipoulizwa kama ana la kusema, akasema ana ombi moja.

"Utaratibu unasema mtumishi akilalamikiwa, asomewe barua ya malalamiko."

"Ni haki yako, mzee wetu," mkuu akasema. "Mama, nenda naye masjala umsomee."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilimkalisha kwenye kiti changu, nikalitoa faili, nikalifungua mbele yake. Karatasi namba kumi na saba. Niliisoma kwanza kimoyomoyo, nikaigeuza, nikasoma nyuma, nikairudisha. Halafu nikaanza kwa sauti. "Kwa Mkuu wa Bustani. Ubao wenu wa getini unasema furukombe yumo bustanini kila Jumatano. Hayumo. Nimelizunguka bwawa lote sikumwona. Mzee wenu anawaonyesha watu ndege asiyekuwepo." Nikaishusha karatasi. "Raia Mwema. Basi, imeishia hapo."

Hakuna siku niliyowahi kusoma karatasi ya faili pungufu ya ilivyo.

Kofia alikuwa ameinamisha kichwa upande, vile vile alivyokuwa akisimama chini ya miti.

"Dada," akasema, "uliigeuza kabla hujaanza. Uliponisomea hukuigeuza."

Nje, mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Sitaki unisomee," akasema. "Una sababu zako. Niambie jambo moja tu. Huyu aliyeandika, kwa unavyodhani wewe, yuko mbali au yuko karibu?"

Mimi niliyemshuku kila mtu niliyekutana naye tangu nizaliwe, mtu ameniuliza swali na jibu nilikuwa nalo mkononi, kwa wino wa bluu.

"Yuko mbali," nikamwambia. "Mbali sana, kaka."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Akavaa kofia yake, akaivuta hadi kwenye nyusi, akanishukuru kwa muda wangu. Nilimshika mkono nikamshusha ngazi. Mkewe alisimama alipotuona, akaja, na kabla hajafika mzee alikuwa ameshatoa kiwiko nje, tayari kushikwa. Mwanamke akanitazama mimi kwanza. Halafu akamwuliza yeye, kwa sauti ndogo, "Wamekusomea?"

"Wamenisomea," akasema. "Imetoka kwa mtu wa mbali, hatumjui." Akapapasa mpaka akapata mkono wake, akauweka vizuri kwenye kiwiko, akaufunika kwa mkono wake mwingine. "Twende nyumbani. Na leo ukisema kuna shimo, nitakusikiliza."